Taa Inayofifia: Somo la Ukinzani katika Umeme wa Pikipiki

Utangulizi

Mji wa Bukoba uko takriban digrii 1.3 kusini mwa Ikweta. Katika latitudo hiyo jua hushuka karibu wima, na giza huingia upesi baada ya magharibi. Mwendesha pikipiki anayeondoka Muleba mjini jua likizama, akielekea Kimwani kusini mwa wilaya, hukutwa na usiku angali njiani. Tangu hapo usalama wake, wa abiria wake na wa watembea kwa miguu hutegemea taa moja ya mbele na taa ndogo ya nyuma.

Taa inapofifia, aghalabu hatua ya kwanza ni kununua balbu mpya. Mara nyingi balbu mpya nayo hufifia vilevile, kwa kuwa kosa halikuwa katika balbu. Makala hii inakusudia kueleza mahali kosa hilo linapojificha, na jinsi Kanuni ya Ohm, inayofundishwa katika shule za sekondari, inavyoweza kulifichua.

Njia ya umeme

Injini inapozunguka, sumaku zilizofungwa kwenye gurudumu lake hupita mbele ya koili za waya wa shaba, na mkondo geu huzalishwa. Kifaa kiitwacho regulata huzuia volti zisizidi kiasi; sehemu yake nyingine, rektifaya, hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu wa kuchaji betri ya volti 12.

Katika baadhi ya pikipiki taa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili. Taa ya namna hiyo huongeza mwanga injini inapoongezewa kasi, na kwa kadiri fulani hali hiyo ni ya kawaida. Katika pikipiki nyingine taa zote hulishwa na betri. Mchunguzi hana budi kujua kwanza ni mfumo upi ulio mbele yake.

Kila taa huhitaji njia mbili. Njia ya kwenda ni waya unaopita katika fyuzi na swichi. Njia ya kurudi, katika pikipiki nyingi, ni fremu ya chuma iliyounganishwa na ncha hasi ya betri. Wengi hukagua njia ya kwenda na kuisahau ya kurudi, ilhali mkondo uleule hupita kote kuwili.

Unyevu, vumbi na mtikisiko

Ukanda wa Bukoba ulio kando ya Ziwa Viktoria hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na kiasi hicho hupungua kadiri mtu anavyoelekea bara. Maji ya ziwa hilo si ya chumvi, hivyo chuma hakiliwi upesi kama pwani ya Bahari ya Hindi. Hata hivyo unyevu hutosha kuifanya shaba iwe na utando wa kijani na chuma kishike kutu. Katika barabara za changarawe mtikisiko hulegeza skrubu, na vumbi hujaza plagi za nyaya. Matokeo ya mambo hayo yote ni mamoja: kiungo kilichokuwa na ukinzani mdogo sana hupata ukinzani usiotakiwa.

Hesabu ya taa iliyofifia

Tuchukue taa ya mbele ya wati 35 inayolishwa na betri ya volti 12. Mkondo wake ni 35 ÷ 12, yaani takriban ampea 2.9. Ukinzani wa uzi wa balbu ukiwa umewaka ni 12 ÷ 2.9, yaani takriban omu 4.1.

Sasa kutu imeingia pale njia ya kurudi inapofungwa kwenye fremu, na kuongeza ukinzani wa omu 1 tu. Jumla ya ukinzani ni omu 5.1, na mkondo hushuka hadi 12 ÷ 5.1, yaani takriban ampea 2.35. Kwenye kutu zinapotea volti 2.35. Balbu inabakiwa na volti 9.65 hivi, sawa na asilimia 80 ya volti zake. (Kwa kweli ukinzani wa uzi hupungua kidogo joto likishuka, lakini kwa hesabu hii tofauti hiyo si kubwa.)

Je, mwanga nao utapungua kwa moja ya tano tu? La hasha. Mwanga wa balbu ya uzi hubadilika takriban kwa kipeo cha 3.4 cha volti. Kwa hiyo volti zikiwa asilimia 80, mwanga huwa chini kidogo ya nusu.

Athari yake barabarani hupimika. Mwangaza juu ya kitu hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Ikiwa taa nzima iliweza kumwonyesha mtu aliye umbali wa mita 50, taa yenye nusu ya mwanga humwonyesha kwa kiasi kilekile akiwa karibu mita 35. Pikipiki yenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa huenda mita 13.9 kila sekunde. Mwendeshaji akichukua sekunde 1.5 kutambua hatari na kushika breki, pikipiki huwa imekwenda mita 21. Ikiwa breki hupunguza mwendo kwa mita 4 kwa sekunde kila sekunde, huhitajika mita 24 zaidi. Jumla ni mita 45. Kwa taa nzima mtu huyo angeokoka; kwa taa yenye kutu ya omu 1, sivyo.

Kipimo kinachodanganya

Mafundi wengi huchomoa balbu, kisha hupima volti kwenye kishikio chake. Kipimo huonyesha volti 12, na njia ya umeme huhukumiwa kuwa nzima. Hukumu hiyo si sahihi. Voltimita hupitisha mkondo mdogo mno. Na kwa kuwa volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani, mahali pasipo mkondo hapapotei kitu. Kutu huonekana tu taa inapokuwa imewashwa.

Vivyo hivyo, kupima ukinzani wa balbu ikiwa baridi hupotosha. Uzi baridi huwa na ukinzani mdogo sana, pengine sehemu ya kumi ya ule wa uzi uliowaka.

Hatua za uchunguzi

Kwa taa inayolishwa na betri, utaratibu ufuatao unafaa:

1. Pima betri injini ikiwa imezimwa na imepumzika. Betri iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6. Injini ikiunguruma kwa kasi ya kadiri, tazamia volti 13.5 hadi 14.5. Zikizidi 15, regulata ina kasoro, na balbu zitaungua mara kwa mara. Usisogeze moto karibu na betri, kwani betri inayochajiwa hutoa haidrojeni.

2. Washa taa. Weka ncha moja ya voltimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye upande wa balbu unaorudisha mkondo. Kipimo kiwe karibu na sifuri. Kikifika volti 1 au zaidi, kosa liko katika njia ya kurudi.

3. Taa ikiwa bado inawaka, pima kati ya chanya ya betri na upande wa balbu unaopokea umeme. Volti zikipotea nyingi, igawe njia kwa nusu: pima hadi kwenye swichi, kisha kutoka hapo hadi kwenye balbu. Endelea kugawa hadi kiungo kibovu kipatikane.

4. Safisha kiungo kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi kidogo juu yake kuzuia unyevu.

Dalili moja huwatatanisha wengi: breki ikishikwa, indiketa hung'aa hafifu. Hapo kiungo cha pamoja cha kurudi kimekatika, na mkondo wa taa ya breki umetafuta njia nyingine kupitia balbu za jirani.

Fyuzi ikikatika mara mbili mfululizo, kuna shoti. Tazama kwanza nyaya zinazojikunja chini ya usukani. Kamwe fyuzi isibadilishwe kwa kipande cha waya: nyaya hizo hupita karibu na tangi la petroli.

Jaribio la darasani

Vifaa: betri mbili za tochi, balbu ya tochi, voltimita, nyaya na msumari wenye kutu. Unganisha vyote mfululizo, msumari ukiwa sehemu ya njia. Pima volti za balbu ikiwaka, kisha uichomoe na upime kwenye kishikio chake. Sugua msumari kwa msasa na urudie. Linganisha majibu.

Maswali

1. Taa ya breki ni ya wati 21 na volti 12. Kiungo chake kina kutu yenye ukinzani wa omu 2. Tafuta mkondo, na volti zinazobaki kwenye balbu.

2. Kwa nini kutu ileile hupoteza volti chache zaidi katika taa ya nyuma ya wati 5 kuliko katika taa ya mbele ya wati 35?

3. Balbu ya LED ya wati 8 imewekwa badala ya ile ya wati 35, na taa ikang'aa vema. Je, kutu imeondoka? Eleza.