Ripoti ya Goti: Soma Gredi, Usiogope Jina

Wanafunzi wenzangu, huku Katavi tunacheza mpira kwenye viwanja vigumu, na likizo ikifika tunarudi shambani. Goti likianza kuuma kwa mbele, hasa ukishuka ngazi au ukichuchumaa, huenda shida iko kwenye gegedu la pia ya goti. Gegedu ni tabaka jeupe, laini, linalofunika mfupa ili uteleze bila kusuguana na mwenzake.

Tuanze na eksirei. Hiyo inaonyesha mfupa, gegedu lenyewe halionekani. Ukiambiwa picha ni safi, usidhani goti zima ni salama. Gegedu linaonekana kwenye MRI, na kwetu Mpanda hiyo mara nyingi ni safari.

Kaka yangu alirudi na ripoti ya MRI: "kondromalasia patela, gredi ya 2". Nyumbani wakashtuka. Baba akaanza kutafuta mnunuzi wa mpunga ili apate hela ya upasuaji, wakati hakuna daktari aliyeuagiza! Tukakaa, tukaisoma ripoti pamoja. Jina lile refu maana yake ni gegedu la pia kulainika au kulika. Kiasi kinasemwa na gredi, mpangilio uliotokana na ule wa daktari Outerbridge wa mwaka 1961:

1: limelainika, halijachanika.
2: limelika chini ya nusu ya unene wake.
3: limelika zaidi ya nusu, mfupa haujafikiwa.
4: limeisha, mfupa uko wazi.

Sasa shika hili: gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Ndiyo maana linapona kwa shida, na ndiyo maana gredi na maumivu havilingani. Wa gredi ya 3 anaweza kutembea vizuri, wa gredi ya 1 akalalamika usiku kucha.

Kwa hiyo tiba ya kwanza kwa wengi ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na nyonga, kwa miezi kadhaa, chini ya mtaalamu. Mpunga wa baba ulibaki stoo.

Ila goti likivimba, likikwama au likilegea ghafla, rudi hospitali. Na ukiwa na ripoti mkononi, muulize daktari: gredi ngapi, sehemu gani, na je, inaeleza maumivu yangu?