Kuwafundisha Watoto Utulivu wa Moyo

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Katika nchi mbalimbali shule zimeanza kuwafundisha watoto uzingativu, yaani kuielekeza nia kwenye jambo lililopo sasa bila ya kulihukumu. Je, mafunzo hayo yanafaa kitu, na mpaka wake ni upi?

Yafaa ifahamike kwanza kwamba mazoezi haya yana asili katika mafundisho ya Kibuddha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliyaingiza katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya kudumu, akayapanga kwa majuma 8 bila ya kuyafungamanisha na dini yo yote. Watu wazima walipoonekana kunufaika, walimu wakayapeleka kwa watoto.

Namna yake ni nyepesi. Mtoto huketi na kuifuata pumzi yake iingiapo na itokapo. Fikira zikitoroka hajilaumu, bali huzirudisha taratibu. Mtoto mdogo hulazwa chali na kuwekewa mwanasesere tumboni, amtazame akipanda na kushuka. Kijana hufunzwa kuitambua hasira mwilini, moyo uendapo mbio na ngumi zikazapo, kabla hajajibu.

Lakini yatupasa kupima kabla ya kusifu. Huko Uingereza wataalamu waliyachunguza mafunzo haya katika shule 85, kwa wanafunzi zaidi ya 8,000 waliokuwa na umri wa miaka 11 hadi 13 walipoanza. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022: masomo hayo hayakuzidi masomo ya kawaida ya tabia na hisia katika kuwakinga vijana na huzuni nzito. Wengi hawakufanya mazoezi nyumbani. Na kwa baadhi ya waliokwisha kuwa na shida za moyo, hali ilionekana kuwa mbaya kidogo.

Basi tunapata mafunzo matatu:

Kwanza, zoezi hili si dawa. Kijana asiyepata usingizi, anayejitenga na wenziwe au anayetaja kufa, apelekwe kwa tabibu bila ya kukawia. Asiambiwe tu atulie avute pumzi.

Pili, asilazimishwe mtu. Mtoto akiona dhiki akiwa amefumba macho, na ayafumbue, ainuke, akatembee.

Tatu, mlezi aanze yeye mwenyewe. Katika uchunguzi huo huo walimu waliofunzwa walionekana kupungukiwa na uchovu wa kazi, japo kwa muda. Nasi twajua kuwa mtoto hujifunza kwa kuona. Baba afokaye kila jioni hawezi kumfundisha mwanawe utulivu kwa maneno.

Kwa hiyo, ewe mzazi, usiyadharau mafunzo haya wala usiyatwike mzigo yasiouweza. Mpe mwanao saa yako, umsikilize mpaka amalize, na umwulize tena kesho.