Saluki wangu ana nini?

Swali: Daktari, naishi Wadi Kabir, Maskati. Mbwa wangu jike wa aina ya Saluki nikimrushia mpira hautazami, lakini paka akipita mbali hukurupuka. Na kila mchana huchimba shimo chini ya mti akalala humo. Ni mgonjwa?

Jibu: Hana ila, mwanangu. Saluki huwinda kwa macho. Mabedui walimfuga akimbize paa na sungura jangwani. Mpira, hata ukirushwa, haumwambii kitu. Anachokitaka ni kiumbe kinachokimbia. Kwa hiyo usimfungue kamba karibu na barabara, maana akishatimka hasikii hata jina lake.

Shimo nalo lina sababu. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, ila kidogo nyayoni. Joto hulitoa kwa kuhema. Mtazame: huparua mchanga wa moto, hunusa, huzunguka mara mbili tatu, kisha hujibwaga tumbo chini, penye manyoya haba, paguse udongo wa baridi. Mimi humpenda sana mbwa anayejitafutia nafuu hivyo. Usilifukie! Mwekee maji kando yake, na kiangazi mtembeze alfajiri, kabla lami haijamuunguza nyayo.