Meno ya Kahawia na Mtoto Asiyetulia: Floraidi, Ubongo na Uwezo wa Kujizuia Ukanda wa Momela

Mama mmoja kutoka kijiji kilicho jirani na maziwa ya Momela alimleta kliniki mwanawe wa miaka minane. Mwalimu alikuwa amelalamika kwamba mtoto hakai kitini, hunyakua penseli za wenzake na hasubiri zamu yake. Kwa kuwa meno yake ya mbele yalikuwa na madoa ya kahawia, mwalimu aliongeza kuwa huenda maji ya huku yameshamharibu kichwa. Mama alikuwa na ujauzito wa miezi mitano. Akauliza: "Daktari, na huyu wa tumboni atakuwa hivyo hivyo?"

Wahudumu wa afya wanaofanya kazi kuzunguka Mlima Meru watakutana na swali hili, na si haki kulijibu kwa kumtuliza mama tu. Floraidi na ukosefu wa utulivu ni mambo mawili, na kila moja lina jibu lake.

Tuanze na maji. Miamba na majivu ya volkano ya Meru yana floraidi nyingi, ambayo huyeyuka na kuingia katika chemchemi, mito na visima. Maziwa ya Momela yenyewe, ambayo si maji ya kunywa, yamepimwa na kukutwa na mamia ya miligramu za floraidi kwa lita moja. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa uhaba wa vyanzo salama, iliwahi kuvumilia hadi miligramu 8 vijijini, kisha 4, kabla ya kufikia 1.5 ya sasa. Vyanzo kadhaa vya ukanda huu vinazidi hata 4, na ndiyo sababu Ngurdoto pakawa na kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi katika maji.

Madoa ya meno yanatueleza nini? Tabaka gumu la nje la meno ya mbele ya kudumu hujengwa tangu miezi ya mwanzo ya uhai hadi karibu umri wa miaka mitano, wakati meno yangali ndani ya ufizi. Kwa hiyo madoa ya mtoto wa miaka minane ni kumbukumbu ya maji, uji na chai alivyopewa alipokuwa mchanga. Hayapimi akili. Nimewafahamu madaktari na wahandisi wengi wa Arusha wenye meno ya kahawia, na wagonjwa wangu wanawafahamu pia.

Hata hivyo, miaka hiyo hiyo ndiyo ambayo ubongo hukua kwa kasi kubwa. Mtoto huzaliwa ubongo wake ukiwa na takriban robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima. Akifika miaka sita umekaribia asilimia 90. Mwaka 2024, mpango wa serikali ya Marekani unaochunguza sumu (NTP) ulipitia tafiti za nchi mbalimbali, ukahitimisha kwa uhakika wa wastani kwamba floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita inahusishwa na alama za chini katika vipimo vya akili vya watoto. Kuhusishwa si kuthibitisha kwamba ndiyo iliyosababisha, na tofauti inayoonekana katika kundi haimtambulishi mtoto mmoja mmoja. Utafiti wa Mexico uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba watoto wa akina mama waliokuwa na floraidi nyingi mwilini wakati wa ujauzito walikuwa na dalili zaidi za kukosa umakini. Uhusiano na kutotulia haukuonekana. Kwa hiyo siwezi kumwambia mama huyu kwamba maji ndiyo yanayomfanya mwanawe anyakue penseli. Ninachoweza kumwambia ni kwamba ana sababu ya kutosha ya kumkinga aliye tumboni.

Kinga inaanzia jikoni. Kuchemsha maji kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, kiwango chake kinapanda. Rangi na ladha ya maji pia haziaminiki: chemchemi yenye maji maangavu inaweza kuwa na floraidi nyingi. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Yakingwe kwenye bati safi, yachemshwe au yatiwe klorini, na yakiwa machache yatengwe kwa ajili ya mjamzito na uji wa mtoto. Chujio la mkaa wa mifupa hufanya kazi vizuri mpaka mkaa utakapochoka, na hapo lazima ubadilishwe. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata pale ambapo maji anayokunywa yanayo nyingi; hii ni sababu nyingine ya kunyonyesha bila kuchanganya chochote kwa miezi sita. Magadi yanayolainisha makande na maharage nayo hubeba floraidi, sawa na chai kali. Najua makande bila magadi huchelewa kuiva na kuni ni ghali. Kuloweka mahindi na maharage usiku kucha kunapunguza muda huo.

Sasa kuhusu kujizuia. Kazi hii inategemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Uwezo wa kusubiri hupanda sana kati ya miaka mitatu na sita, lakini hata wa miaka minane bado anajifunza. Malezi yana nafasi kubwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watoto wa miaka minne wa jamii ya Wanso, wakulima wa Kameruni, na wenzao wa Ujerumani waliambiwa kwamba wakisubiri bila kula kitafunwa kimoja watapewa cha pili. Wanso takriban saba kati ya kumi walisubiri. Wajerumani hawakufika watatu. Huku kwetu mchezo wa rede, kombolela na zamu ya kuchota maji humzoeza mtoto kungoja bila yeye kujua kwamba anafundishwa.

Fimbo haifanyi hivyo. Utafiti uliofanyika Tanzania kwa watoto 409 wa shule ya msingi ulikuta kwamba wanaopigwa na wazazi au walezi wao ndio waliokuwa na ukorofi zaidi. Huenda wakorofi hupigwa zaidi, ni kweli. Lakini haukuonyesha kwamba kipigo kiliwatuliza.

Kabla ya kumwita mtoto mtundu, mhudumu achunguze masikio, macho, damu na usingizi, aulize kuhusu degedege, namna alivyozaliwa, njaa ya asubuhi, na nani anampiga. Mtoto wetu alikuwa na usaha katika sikio la kushoto, naye darasani alikaa nyuma kabisa. Tulimtibu, tukamwandikia mwalimu barua amsogeze mbele. Miezi miwili baadaye bado alikuwa anainuka kitini, ila alikuwa anaitika akiitwa. Mama alikuwa amenunua pipa na kuliweka chini ya mchirizi wa bati, akauliza kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi aiache ioshe vumbi la bati kwanza. Nikamjibu aiache.