Umeme wa Unguja na Pampu ya Mkulima

Mkulima mwenye pampu ya stima huko Muhuru Bay, Karungu au Lambwe huwasha swichi, maji yakatoka, wala hafikiri umeme ule umetoka wapi. Mwezi huu yafaa tufikiri. Tutatazama kisiwa cha Unguja, kwa maana watu wake walijifunza jambo hili kwa taabu.

Katika kisiwa cha Songo Songo, upande wa Kilwa, Tanzania, kuna gesi chini ya ardhi. Iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa karibu miaka 30 bila kutumika. Mwaka 2004 bomba lilikuwa tayari: kilometa 25 hivi chini ya bahari mpaka Somanga, kisha zaidi ya kilometa 200 nchi kavu mpaka Dar es Salaam, na mitambo ya Ubungo ikaanza kuitumia. Baadaye vikajengwa vituo vingine vya gesi huko Kinyerezi.

Mtambo wa gesi si mgumu kuuelewa. Hewa hushindiliwa kwa nguvu, huchanganywa na gesi, kisha huwashwa. Moto ule huvuma kwa kasi na kuzungusha gurudumu lenye mapanga mengi, na gurudumu huzungusha mashini ya kutoa umeme. Ni ndugu wa injini ya eropleni. Wale waliokwisha kuona kituo kidogo cha Gogo katika mto Kuja wajue kwamba tofauti kubwa ni kile kinachosukuma gurudumu: kule Gogo ni maji, hapa ni hewa ya moto.

Umeme huo, ukichanganyika na ule wa maji, huingia katika nyaya kuu za Tanzania, na sehemu yake huvuka kwenda Unguja kwa waya mnene uliolazwa chini ya bahari. Gesi hutoka kisiwani, huja bara, na nguvu yake huvuka tena kwenda kisiwa kingine!

Waya wa kwanza, wa megawati 45, uliwekwa mwaka 1980. Mei 2008 njia hiyo iliharibika, na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikaharibika tena. Safari hii umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Angalia vizuri: gesi ilikuwapo, na mitambo ya Dar es Salaam ilikuwapo. Kilichokosekana ni njia. Wala shida kubwa haikuwa giza, maana taa ya mafuta yatosha usiku. Shida ilikuwa maji. Pampu za mji zilikuwa za umeme, zikasimama, na watu wakabeba ndoo na madumu kutafuta visima. Waya mpya wa megawati 100 ulifunguliwa mwaka 2013.

Sisi hatuna bahari, lakini wengi wetu huletewa stima kwa laini moja tu, na nguzo moja ikianguka wakati wa mvua, kijiji kizima hukosa. Tena Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima ilikosa umeme kwa saa nyingi. Basi fanya hesabu kabla ya siku hiyo. Ng'ombe wa maziwa mmoja hunywa lita 60 au zaidi kwa siku. Ukiwa na ng'ombe watatu, siku tatu bila pampu ni lita 540, na bado hujahesabu nyumba wala kitalu cha nyanya, ambacho jua la Januari hukiua upesi. Tangi la lita 1,000 likijazwa kila jioni latosha kukuvusha. Liweke juu ya mawe yaliyojengwa imara, ili maji yateremke yenyewe bila pampu. Mwenye vifaranga na awe na jiko la makaa tayari, lakini aache nafasi ya hewa kupita, maana moshi wa makaa huua vifaranga na mtu pia.

Stima ikipotea, zima swichi ya pampu na ya mashini ya kusaga mara moja, hata kama wadhani itarudi sasa hivi. Umeme ukirudi ghafla huweza kuchoma mota, na mashini iliyoachwa wazi huanza kuzunguka yenyewe, pengine mkono wa mtu ukiwa ndani. Ngoja dakika chache mpaka taa zitulie, ndipo uwashe.