Somo la Mnada na Kiwanda: Ziara ya Mji wa Hawes

Katika safari ya mafunzo nchini Uingereza nilijaliwa kufika Hawes, mji mdogo wa soko katika bonde la Wensleydale, jimbo la Yorkshire. Wengi wetu tumesoma habari za waanzilishi wa Rochdale na duka lao la mwaka 1844, tukadhani kuwa mafunzo yote ya Waingereza yamo katika duka lile. Hawes kuna mnada wa mifugo na kiwanda cha jibini, na habari za viwili hivi zinagusa jambo ambalo chama kimoja katika eneo langu la ukaguzi kitalipigia kura karibuni.

Kwanza niieleze nchi yenyewe. Mji uko kiasi cha mita 260 juu ya usawa wa bahari, na huo ni mmoja wa miji ya soko iliyo juu kabisa katika Uingereza. Juu yake ni nyanda tupu zisizo na miti, zenye upepo mkali, udongo mweusi uliolowa maji, nyasi ngumu na vichaka vifupi. Aliyepata kupanda Kilimanjaro akautoka msitu anaijua sura ya nchi hiyo; hata baadhi ya vichaka ni vya jamii moja na vile vya mlimani kwetu. Nafaka hazistawi. Riziki ya watu ni kondoo, ambao hupanda nyandani, na ng'ombe wa maziwa walio chini bondeni, katika viwanja vilivyozungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji.

Mfalme William III aliupa mji hati ya kuwa na soko mwaka 1699, na siku ya soko ni Jumanne hata leo. Nami nilifika Jumanne. Barabara kuu ilikuwa na meza za nguo, mboga na samaki, lakini mimi nilikwenda mnadani, kwa kuwa mnada huo ni kampuni ya wakulima wenyewe.

Kondoo huingizwa kundi kwa kundi katika uwanja wa mviringo, wanunuzi wamesimama pembeni, na dalali hutaja bei kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata. Mnunuzi hutikisa kichwa kidogo tu, na bei imepanda. (Nilijizuia hata kujikuna pua.) Kilichonivutia zaidi ni utaratibu wa malipo. Mnunuzi hamlipi mkulima mkononi. Mnada ndio unaomlipa mkulima, baada ya kukata ada yake, kisha wenyewe hudai fedha kwa mnunuzi. Hivyo mnunuzi akikawia, mzigo huubeba mnada, na wala mkulima haanzi kumfuata mtu mjini kudai haki yake. Msomaji ambaye amewahi kukopwa mazao na mchuuzi akatoweka atalitambua jambo hili bila maelezo marefu.

Sasa kiwanda. Jibini ya bonde hilo ilianzishwa na watawa katika karne ya 12, nao wake wa wakulima wakaendelea kuitengeneza majumbani. Sababu yake ni ya kibiashara: lita 10 za maziwa hutoa takriban kilo 1 ya jibini, nayo haiharibiki upesi. Bonde lililo mbali na miji lilihitaji bidhaa nyepesi inayoweza kungoja. Mwaka 1897 mfanyabiashara wa nafaka wa Hawes, Edward Chapman, akafungua kiwanda cha kununua maziwa ya wakulima.

Katika miaka ya 1930 bei zilianguka, na kiwanda kikashindwa kuwalipa wakulima. Bodi ya Maziwa, iliyoundwa mwaka 1933, ilitaka maziwa yapelekwe kwenye kiwanda kikubwa nje ya bonde. Mwaka 1935 Kit Calvert, mwenyeji wa huko, aliwakusanya wakulima na wafanyabiashara wadogo, wakachanga mtaji, wakakiokoa kiwanda. Kilistawi mikononi mwao miaka 30.

Kisha, mwaka 1966, wakakiuza kwa Bodi ile ile. Siwalaumu, bei ilikuwa nzuri na waliokiokoa walikuwa wamezeeka. Lakini mwezi Mei 1992 Dairy Crest, kampuni iliyotokana na Bodi, ilikifunga kiwanda, watu 59 wakakosa kazi, na utengenezaji wa jibini hiyo ukahamishiwa Lancashire, jimbo ambalo watu wa Yorkshire hushindana nalo tangu enzi za wafalme. Waliokata shauri hawakuishi bondeni. Ilipofika Desemba mwaka ule ule, wasimamizi wa zamani pamoja na mfanyabiashara mmoja wa huko walikuwa wamekinunua na kukifungua tena. Habari hii husimuliwa kama ushindi, na ni ushindi wa kweli. Hata hivyo mkaguzi huuliza hisa ziko kwa nani. Safari hii hazikurudi kwa wakulima, na mwaka 2021 kampuni ya Saputo ya Kanada ilikinunua. Kiwanda kinafanya kazi, na maziwa ya bonde yananunuliwa. Ila mfugaji wa Hawes ana kura katika mnada wake, na katika kiwanda hana.

Chama nilichokitaja mwanzoni, ambacho sitakitaja kwa jina, kina kituo cha kupoza maziwa kilichojengwa kwa makato ya wanachama. Sasa mnunuzi amejitokeza, na bei yake si mbaya. Tangi ni bovu, deni la umeme limekua, na wajumbe wa bodi wamechoka. Sikuwaambia wauze wala wasiuze, kwani hilo ni la mkutano mkuu.

Katibu wa kila chama na awasomee wanachama somo hili, kisha wajadili. Je, chama chetu kikiuza mtambo wake, mkataba utamlazimisha mnunuzi kupokea mazao yetu kwa miaka mingapi? Akitaka kuufunga au kuuza tena, sisi tutakuwa na haki ya kununua kwanza? Fedha za mauzo zitagawanywa, au zitawekwa katika akiba ya chama? Na wale waliokatwa senti zao kujenga, ambao leo ni marehemu, fungu lao limeandikwa katika kitabu gani?