Trekta Kuukuu kwa Shamba Dogo: Mambo ya Kupima Kabla ya Kutoa Fedha

Katika nchi ya Kwale, tangu Diani na Msambweni mwambao wa bahari hata Kinango upande wa bara, mkulima huishi kwa kutazama mawingu. Mvua za masika zikikaribia, kwa kawaida mwishoni mwa Machi au katika Aprili, kila mtu hutaka shamba lake lilimwe siku hiyo hiyo, wala trekta la kukodi haliwezi kuwa kwa watu wote kwa wakati mmoja. Anayefikiwa mwisho hupanda mwisho, na mahindi yaliyochelewa huenda yakakutwa na jua kabla ya kubeba. Ndiyo sababu wenye ekari nne au tano wengi hutamani kuwa na trekta dogo la kwao wenyewe. Na kwa kuwa jipya ni ghali, hutafuta kuukuu.

Tamaa hiyo si mbaya. Lakini fedha za kununulia aghalabu ni akiba ya miaka mingi ya korosho na nazi, au ni ng'ombe waliouzwa, au ni mkopo wa chama, nazo zikipotea hazirudi upesi. Wahenga walisema, rahisi yavunja upishi. Basi yafaa kila anayetaka kununua afahamu jambo moja kabla ya mengine yote: trekta kuukuu si chuma peke yake. Anayelinunua hununua vitu vitatu pamoja, yaani kazi litakayofanya, vipuri litakavyohitaji, na fundi atakayelitengeneza. Kimoja kikikosekana, hivyo viwili vingine havitamfaa kitu.

HESABU YA KAZI

Kwanza mkulima na ajiulize trekta litafanya kazi saa ngapi kwa mwaka. Jibu lake hupatikana kwa hesabu ndogo. Trekta dogo lenye jembe la upana wa mita 1.2, likienda kilometa 2.5 kwa saa, hupita juu ya mita za mraba 3,000 kwa saa. Ikitolewa robo kwa ajili ya kugeuza na kusimama, hubaki 2,250. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa hiyo ekari moja huchukua saa moja na dakika 48 hivi, na ekari tano huchukua saa 9. Kwa masika na vuli pamoja ni saa 18. Hata shamba likipitiwa mara mbili kila msimu, ni saa 36 tu kwa mwaka mzima. Siku zote zilizobaki trekta litakaa chini ya mwembe.

Sasa na aweke fedha katika hesabu hiyo. Tuseme, kwa mfano tu, kukodi trekta ni shilingi 3,500 kwa ekari, na trekta kuukuu lauzwa shilingi 600,000. Ekari tano kwa misimu miwili ni shilingi 35,000 kwa mwaka. Basi bei ya trekta hilo ingetosha kukodi kwa miaka 17, kabla ya kuhesabu dizeli, matairi na fundi. Kila msomaji na aweke bei za kwao, kisha atazame jibu bila kujidanganya.

Hesabu hii haisemi kwamba asinunue. Husema kwamba trekta dogo haliwezi kujilipa kwa kulima ekari tano peke yake. Hapana budi litafutiwe kazi nyingine: kuvuta tela la maji au la nazi, kuendesha mashine ya kupukuchua mahindi, au kulimia majirani. Tena wakulima sita wenye ekari tano kila mmoja wakishirikiana, watakuwa na ekari 30. Mashamba hayo yote yatalimwa mara moja kwa saa 54, yaani siku saba za kazi ya saa nane, na bado mbegu zitaingia ardhini kwa wakati. Lakini na waandike mapema nani atalimiwa kwanza, nani ataweka fedha za matengenezo, na nani peke yake ataruhusiwa kuendesha. Chama kisicho na maandishi huvunjika siku ya mvua ya kwanza.

UDONGO NDIO UNAOCHAGUA

Matrekta madogo kuukuu yanayoshushwa bandarini Mombasa mengi hutoka Japani, nayo ni ya jina la Kubota, Yanmar, Iseki na mengineyo, yenye nguvu za farasi 15 hata 30. Mengi ya matrekta hayo yalitengenezwa kwa majaruba ya mpunga ya huko kwao, ambako udongo ni laini na hauna mawe. Ni mepesi, ni membamba, na hufanya kazi vizuri kwa jembe la kuzunguka, ambalo mafundi huliita rotaveta.

Katika mabonde ya mpunga ya upande wa Vanga, au katika udongo wa kichanga uliokwisha kusafishwa visiki, trekta la namna hiyo laweza kuwa msaada mkubwa. Wembamba wake pia hufaa kupita kati ya minazi na mikorosho. Lakini karibu na bahari, mahali pengi mwamba wa matumbawe umejificha chini ya udongo kidogo, na meno ya rotaveta yakiupiga hukatika, au nguvu ya pigo hurudi mpaka ndani ya gia. Kadhalika udongo mzito wa mfinyanzi, ukiwa mkavu, huhitaji uzito na nguvu nyingi zaidi.

Wengine hununua trekta la nguvu 20 wakitumaini kuazima plau la sahani tatu la jirani. Plau hilo limekusudiwa trekta la nguvu 60 na zaidi. Trekta dogo huliinua kwa taabu, huinua miguu ya mbele, huzungusha matairi pasipo kwenda, na mwisho wake huharibu klachi. Mkulima na achukue mtaimbo, achimbe mahali kumi shambani mwake, apime kina cha udongo kabla ya kufika jiwe. Kazi ya asubuhi moja itamwambia mengi kuliko maneno ya mwuzaji.

FUNZO LA KONGWA

Historia ya Afrika Mashariki ina funzo kubwa juu ya mambo haya. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga katika Tanganyika, nao ulianzia Kongwa. Matrekta mapya yalikuwa haba baada ya vita, kwa hiyo yalinunuliwa makuukuu yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka visiwa vya Filipino. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Mashine nyingi ziliharibika mapema, vipuri havikupatikana upesi, waendeshaji hawakuwa wamefundishwa vya kutosha, na ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ilikuwa ngumu mno hata majembe yakaisha upesi. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea.

Ikiwa serikali yenye wataalamu na hazina iliweza kushindwa kwa sababu ya mashine kuukuu zisizo na vipuri, mkulima wa ekari tano na ajihadhari mara mbili. Matrekta mengine ya Japani yalitengenezwa kwa soko la huko tu. Maandishi yake ni ya Kijapani, na nambari za vipuri vyake hazimo katika vitabu vya maduka ya huku. Kwa hiyo, kabla ya kwenda kulitazama trekta, mnunuzi na aandike aina na nambari yake, kisha aende dukani Mombasa au Ukunda kuulizia vitu vitano: chujio la mafuta, chujio la dizeli, sahani ya klachi, pampu ya maji, na sili za ekseli ya mbele. Asikubali jibu la “vitapatikana.” Na aone kwa macho, au atajiwe bei na siku ya kufika.

UKAGUZI WA MASHINE

Siku ya kukagua mnunuzi na afuatane na fundi wake mwenyewe, asiye na udugu wala biashara na mwuzaji. Mambo ya kutazama ni haya:

1. Injini ikutwe baridi. Mnunuzi aweke mkono juu yake kabla haijawashwa. Injini iliyopashwa moto mapema huficha ugonjwa wa kukataa kuwaka asubuhi.

2. Moshi utazamwe. Moshi mweusi kidogo trekta linapopewa kazi si ajabu. Moshi wa buluu usiokoma ni dalili ya kuunguza mafuta ya injini. Moshi mweupe usioisha injini ikisha kupata moto waweza kuwa ni maji yanayoingia mahali pasipopasa.

3. Kijiti cha kupimia mafuta kichomolewe. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yamechanganyika na maji. Kifuniko cha rejeta nacho kifunguliwe injini ikiwa baridi. Mafuta yakielea juu ya maji, hiyo ni hatari.

4. Mikono ya nyuma inayoinua jembe iinue mzigo, kisha injini izimwe. Ikishuka mara moja, nguvu ya mafuta inavuja ndani. Mhimili wa nyuma unaozungusha mashine nao ujaribiwe. Vyombo vingi huhitaji mizunguko 540 kwa dakika.

5. Magurudumu ya mbele yainuliwe na kutikiswa. Trekta lililofanya kazi majini mara nyingi huwa na sili zilizokufa na tope ndani ya ekseli.

6. Saa ya kuhesabia kazi isiaminiwe peke yake. Ikisema trekta limefanya kazi saa chache, lakini pedali zimelika, usukani umekuwa laini na matundu ya kufungia jembe yamepanuka, pedali ndizo zinazosema kweli.

7. Kutu itafutwe chini ya rangi mpya, hasa kwa trekta lililokaa karibu na bahari. Upepo wa chumvi hula mabati, nyaya za umeme na mabomba ya breki.

Baada ya hayo trekta lilime, si kuzungushwa uani tu. Nusu saa ndani ya udongo hudhihirisha klachi inayoteleza, gia inayochomoka, na injini inayochemka.

KARATASI

Nambari ya injini na ya fremu zilinganishwe na kitabu cha trekta, na jina la mwuzaji liwe ndilo lililoandikwa. Katika Kenya uhamisho wa umilikaji hufanywa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, yaani NTSA. Fedha zote zisitolewe kabla uhamisho haujaanzishwa. Mapatano yaandikwe, yakitaja vyombo vyote vinavyofuatana na trekta, na mashahidi watie sahihi.

ROHO HAINA VIPURI

Trekta dogo huonekana kama mchezo, lakini huua. Katika miteremko ya Shimba Hills hupinduka upesi, hasa likivuta mzigo. Lenye nguzo imara ya kumkinga dereva, pamoja na mkanda, lipendelewe kuliko lisilo nayo. Mhimili wa nyuma uwe na kifuniko chake, wala mtu asiukaribie akiwa na kanzu, leso au kikoi kinachopepea, kwa maana hukamata nguo na kumvuta mtu kabla hajapiga kelele. Mtoto asipandishwe juu ya bawa la gurudumu hata kwa safari fupi.

Likisha kununuliwa, mafuta na machujio yote yabadilishwe, na daftari lifunguliwe la kuandika saa za kazi, dizeli, matengenezo na fedha za kulimia watu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litaonyesha kama trekta linamlisha mwenyewe au mwenyewe ndiye analilisha trekta.

Na kama hesabu, udongo, vipuri au ukaguzi umeonyesha kasoro, mnunuzi asione haya kurudi nyumbani na fedha zake. Matrekta ya kukodi yapo, ya watu binafsi na hata ya serikali ya kaunti, na atakayejiandikisha mapema kabla ya mawingu kukusanyika hatakuwa wa mwisho. Trekta jingine litakuja katika meli nyingine. Lakini akiba ya korosho za miaka kumi haiji kwa meli.